Mrao, Gumegume, Fremu: Bunduki Hutambulishwa kwa Kiungo Gani?

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza namna Kiswahili kilivyozipa majina bunduki na bastola, kisha tulitazame tatizo moja la istilahi ambalo linahitaji ufumbuzi: ile sehemu ya bastola ambayo Waingereza huiita "frame" tuiite nini? Kwa mtazamo wa kwanza swali hili laweza kuonekana kuwa ni la mafundi na askari peke yao. Lakini mwaka 2021 Bunge la Jamhuri ya Muungano lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo, neno linalosomwa mbele ya hakimu wa Kinondoni au wa Temeke halipaswi tena kuwa tafsiri ya kumsaidia mshtakiwa afuate yanayosemwa. Lapaswa kuwa neno lenyewe ambalo hakimu atalipima. Nazo sheria zetu za silaha, pamoja na mikataba ya kimataifa inayoambatana nazo, zilizaliwa katika lugha nyingine, na anayezifasiri hukutana na viungo vya bunduki ambavyo babu zetu hawakuona haja ya kuvitaja.

Yafaa tuanze na yale waliyoyataja, maana walitaja mengi. Neno "bunduki" lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao "bunduq" ni aina ya kokwa, na baadaye kitonge au kigololi cha kurushwa. Nao Waarabu walilitwaa kwa Wagiriki, waliokuwa wakiisema kokwa ya Ponto, yaani ya pwani ya Bahari Nyeusi. Hivyo bunduki ilipata jina lake kutokana na kitu inachokitema. "Risasi" ni madini ya kutengenezea kitonge hicho. "Mzinga" ni wetu wa asili: gogo lililochongwa uwazi ndani kwa ajili ya nyuki, likafananishwa na chombo kile cha chuma kilichowekwa juu ya ngome. (Kiwanda chetu cha Morogoro kinachohusika na zana za kijeshi huitwa Shirika la Mzinga, na sidhani kuna anayedhani kinatengeneza asali.) "Bastola" kwa kawaida huhesabiwa miongoni mwa maneno tuliyoyapata kwa Wareno. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kubisha, ila yafaa ionekane kwamba ile p ya Wareno imegeuka b, kana kwamba neno lilipitia kwanza katika ulimi usiokuwa na p.

Jambo la kuzingatia zaidi ni namna aina za bunduki zilivyotofautishwa. Hati za karne ya 19, na kamusi za kina Krapf, Steere na Madan zilizofuata, zinatuonyesha mpangilio ulio wazi. Kulikuwa na bunduki ya mrao, yaani ile iliyowashwa kwa utambi unaofukuta. Huko Omani bunduki ya namna hiyo iliitwa Abu Fatila, jina linalotokana vilevile na utambi. Ikafuata bunduki ya gumegume, ambayo jiwe lake lilipiga chuma likatoa cheche. Kisha ikaja bunduki ya fataki, yenye kijikofia cha shaba kinachopasuka kikigongwa. Mrao, gumegume, fataki: Waswahili hawakuitambua bunduki kwa nchi ilikotoka wala kwa kiwanda, bali kwa kile kinachoiwasha. Kiungo kilichobadilika ndicho kilichobeba jina.

Wala huo haukuwa uainishaji wa vitabuni tu. Katika miaka ya 1880 makumi ya maelfu ya bunduki yalipita Zanzibar na bandari za mrima kwenda bara kila mwaka, na nyingi zilikuwa mitumba ya majeshi ya Ulaya. Mafundi wa Liège, Ubelgiji, walikuwa mashuhuri kwa kuzing'oa bunduki kuukuu mitambo ya gumegume na kuzipachika ya fataki, tayari kwa soko la Afrika. Basi bunduki ile ile, kwa mtutu ule ule na kitako kile kile, iliweza kuitwa "ya gumegume" mwaka huu na "ya fataki" mwaka ujao. Nao wahunzi wa bara walijifunza kuchonga vitako vipya na kuhamisha mitambo kutoka bunduki moja kwenda nyingine. Mtu akiuliza kama hiyo bado ni bunduki ile ile au ni nyingine, lugha ilikuwa na jibu: angalia mtambo. Omani na Unguja wenye uwezo waliongeza pete za fedha juu ya mtutu na nakshi juu ya kitako, lakini mapambo hayo hayakuipa bunduki jina jipya.

Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels uliliingiza suala hili katika sheria ya kimataifa. Mataifa yaliyotia sahihi yalikatazana kuingiza bunduki za kisasa katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, lakini yakaziachia njia bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa maneno mengine, sheria ya wakoloni ilipitisha mpaka wake mahali pale pale Mswahili alipokuwa amekwisha upitisha kwa ulimi wake, yaani penye kiwashio. Ndiyo maana gobore, ile bunduki ya kushindilia kwa mdeki, limedumu kwetu muda mrefu baada ya Ulaya kulisahau. Hata leo, katika vipindi vya msamaha ambapo wananchi hutakiwa kusalimisha silaha kwa hiari, magobore ni miongoni mwa silaha zinazoletwa.

Sasa tushuke Dar es Salaam, mahali ambapo msamiati wa bunduki ulipata sura yake ya leo. Kando ya Barabara ya Bagamoyo, katika Wilaya ya Kinondoni, ipo kambi ya Lugalo. Wakati wa ukoloni iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya pigano la mwaka 1941 huko Ethiopia ambalo askari wa King's African Rifles walishiriki. Ni katika kambi hiyo maasi ya wanajeshi yalipoanza tarehe 20 Januari 1964. Jeshi lile likavunjwa, Jeshi la Wananchi likaundwa Septemba mwaka huo huo, na kambi ikapewa jina la mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa, wengi wao wakiwa na mikuki, walilishinda jeshi la Zelewski na kuteka mamia ya bunduki zake. Jina lilibadilika, na lugha ya gwaride nayo ikabadilika. "Mguu pande" na "mguu sawa" leo zinajulikana kwa kila mtoto wa shule ya msingi.

Hata hivyo, lugha ya gwaride na lugha ya ghala la silaha si kitu kimoja. Amri za gwaride zilitungwa kwa makusudi. Majina ya viungo vya bunduki yalirithiwa kwa mseto kutoka Kikeya, yaani Kiswahili cha askari wa KAR, na kutoka kwa wawindaji. Vijana waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa, ikiwemo kambi ya Mgulani upande wa Temeke, walifundishwa kufungua na kufunga silaha kwa Kiswahili chenye "mtutu" na "kitako" upande mmoja, na "magazini" na "kukoki" upande wa pili. Mseto huo ulitosha kwa kazi yake. Askari alihitaji kutaja anachokishika, anachokisafisha na anachokijaza. Kile kinachovishikilia vyote hakikuhitaji jina, kwa kuwa hakuna aliyekibadilisha. Katika bunduki ndefu za zamani mti ulishika kila kitu. Katika bunduki za jeshi, ikiwa kiungo hicho kimeharibika, silaha nzima ilirudishwa kwa fundi wa ghala.

Bastola ya kujijaza yenyewe ndiyo iliyoleta shida. Tuieleze kwa ufupi. Ile ya mwaka 1911 iliyobuniwa na John Browning kwa ajili ya jeshi la Marekani ina sehemu ya juu ya chuma inayoteleza nyuma na mbele kila risasi inapotoka, ikitupa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Ndani ya sehemu hiyo mna mtutu. Chini yake ipo sehemu yenye mpini wa kushikia, ambamo magazini huingia na mtambo wa kufyatulia hukaa. Sehemu hii ya chini ndiyo "frame". Kwa miongo mingi ilikuwa ya chuma kizito, na kuitengeneza kulihitaji karakana kubwa. Mwaka 1982 jeshi la Austria lilichagua bastola ya Gaston Glock, Glock 17, ambayo sehemu hiyo ya chini ni ya plastiki ngumu iliyosubiwa, ikiwa na kibati cha chuma chenye namba. Glock hakuwa wa kwanza kutumia plastiki, maana Wajerumani wa Heckler & Koch walimtangulia mwaka 1970, lakini yeye ndiye aliyeifanya kuwa jambo la kawaida duniani. Tangu hapo kiungo kile kilichokuwa kizito na cha ghali kikawa kitu kinachoweza kuuzwa na makampuni mengine yasiyohusiana na kiwanda cha asili, kwa rangi na umbo la kila mkono, kama zinavyouzwa spea za magari.

Hapa ndipo swali la wahunzi wa Unyamwezi linaporudi, ila sasa limegeuzwa kichwa chini. Mtu akiing'oa sehemu ya chini ya bastola yake akaweka nyingine aliyoinunua kando, je, anayo bastola ile ile? Sheria za dunia hazijibu sawa. Mwaka 1968 nchi mbili zilitunga sheria kubwa za silaha. Marekani iliamua kwamba "frame" peke yake, hata bila mtutu wala magazini, inahesabiwa kuwa ni bunduki, na sehemu nyingine zilizobaki ni vipuri tu. Uingereza ilikihesabu kila kiungo cha lazima kuwa chini ya sheria. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2017, uliorodhesha mtutu, "frame", sehemu inayoteleza na vinginevyo kuwa viungo vya msingi, kila kimoja kwa nafasi yake. Umoja wa Mataifa, katika maafikiano ya mwaka 2005 kuhusu kufuatilia silaha, ulitaka alama ya utambulisho itiwe katika kiungo ambacho kikiharibiwa silaha haiwezi kufufuka, na mfano uliotajwa ni kiungo hiki tunachokizungumzia. Kwetu Afrika Mashariki, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi wanachama kuhakikisha kila silaha inatiwa alama inapotengenezwa na inapoingizwa nchini.

Njia ya Marekani ilizaa matokeo ambayo yanamhusu sana mtu wa istilahi. Kwa kuwa neno moja lilibeba sheria nzima, wafanyabiashara walianza kuuza viungo visivyokamilika kidogo, wakisema kwamba hivi si "frame" bado, kwa hiyo si bunduki, kwa hiyo havihitaji namba. Mnunuzi alikamilisha kazi iliyobaki nyumbani, akapata bastola isiyo na namba. Mwaka 2022 serikali ya nchi hiyo ilipanua maana ya neno hilo kwa kanuni, na tarehe 26 Machi 2025 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba kanuni hiyo haikuvuka mipaka ya sheria. Shauri lililofika mbele ya mahakama ya juu kabisa ya taifa kubwa lilitegemea kwa sehemu kubwa swali hili: jina la kitu linaanza kukistahili kitu hicho katika hatua gani ya kutengenezwa kwake?

Tuchukue mfano wa kubuni wa hapa kwetu. Mkazi wa Mbagala anamiliki bastola kihalali, leseni yake inataja aina na namba. Ndugu yake aliyeko ng'ambo anamletea sehemu ya chini ya rangi aipendayo, iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Anaibadilisha. Namba iliyo katika leseni sasa imo ndani ya kabati, juu ya kiungo kilichovuliwa. Bastola iliyo kiunoni ina namba nyingine au haina kabisa. Polisi wakimsimamisha, taarifa itaandikwa kwa maneno ambayo wasomaji wa magazeti wanayafahamu vizuri: amekutwa na "bastola iliyofutwa namba". Lakini hakuna aliyefuta kitu. Kufuta ni tendo, tena ni tendo lenye nia. Namba kutokuwepo kwa sababu kiungo ni kingine ni jambo tofauti, hata kama nalo ni kosa. Upande wa pili, kile kilicho kabatini ni nini? Kipuri? Mabaki? Au ni bastola ya pili? Karani asiye na neno ataandika "kitako", au "mwili wa bastola", au "mpini", na kila moja la maneno hayo litampa wakili mlango wa kutokea.

Basi tuyapime maneno yaliyopo. Wazo la kwanza ni "fremu", ambalo kila mtu analo. Fundi baiskeli wa Tandika hulitumia kila siku, na kwa maana iliyo karibu sana na ile tunayoitafuta: magurudumu, usukani na tandiko hubadilishwa, fremu ndiyo baiskeli, na namba imepigwa hapo. Neno lingekuwa limekwisha shinda kama si mambo mawili. Kwanza, mjini Dar es Salaam "fremu" imechukua maana ya chumba cha duka kinachopangishwa. Mtu wa Mwananyamala akisikia kwamba mshtakiwa "alikutwa na fremu mbili", atamwona kuwa ni mfanyabiashara mwenye bahati. Pili, fremu ya picha, ya mlango na ya miwani ni kitu kinachozunguka kingine kwa nje, na sivyo ilivyo katika bastola.

"Chasisi" inavutia zaidi. Mwenye gari anajua kwamba kadi ya gari hutaja namba ya chasisi na namba ya injini, na kwamba injini huweza kubadilishwa kwa taratibu zake ilhali chasisi ikibadilika gari limekuwa jingine. Fikra ya kisheria tunayoihitaji tayari imo kichwani mwa kila dereva. Lakini neno limefungamana mno na magari, na kulihamishia kwenye bastola kungechekesha kabla ya kufafanua.

"Kiwiliwili" lina sifa ya kuwa letu: mwili bila kichwa, mikono wala miguu. Wafaransa wamekwenda njia ya jirani kwa kuita kiungo hiki "carcasse", yaani mzoga au mifupa ya chombo. Hofu yetu ni kwamba katika taarifa za jinai neno kiwiliwili lina kazi nyingine ya huzuni, na haifai taarifa moja iwe nalo mara mbili kwa maana mbili. Wajerumani nao husema "Griffstück", kipande cha mpini. Jina hilo linaeleweka upesi, lakini lina hatari. Mwaka 2014 kampuni ya SIG Sauer ilitoa bastola ya P320, ambayo jeshi la Marekani lilichagua moja ya aina zake mwaka 2017. Ndani yake mtambo wa kufyatulia umo katika kisanduku kidogo cha chuma kinachochomoka, na kisanduku hicho ndicho chenye namba. Ganda la nje lenye mpini ni kipuri tu, laweza kubadilishwa bila kugusa leseni. Istilahi yoyote ya Kiswahili itakayojengwa juu ya "mpini" ingekiita kipuri hicho bastola, na bastola yenyewe ingeiita kipuri.

Limebaki "kiunzi". Linatokana na kuunda, kama linavyotokana nalo jina la waunda majahazi. Tayari linajulikana kwa maana ya mifupa ya jengo au ya chombo kabla hakijavikwa, na wanariadha wa mbio za viunzi hawajalichakaza kiasi cha kulikataa. Ubora wake kwa sheria ni kwamba halisemi kitu kina umbo gani, kiko nje au ndani, cha chuma au cha plastiki. Husema tu kwamba vingine vimeundwa juu yake. Tena linafuata utaratibu wa Baraza wa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda lahaja, lugha nyingine za Kibantu, za Kiafrika, na mwisho za kigeni. Wapo watakaosema kwamba hakuna askari wa Temeke atakayetamka "kiunzi cha bastola". Huenda. Lakini wala hakuna aliyekuwa akitamka "hati miliki" kabla haijaandikwa.

Tunapendekeza, kwa hiyo, yafuatayo yajadiliwe na wasomaji, hasa wale wa polisi, mahakama na maghala ya silaha. Kiunzi: kiungo cha bastola au bunduki kinachobeba mtambo wa kufyatulia, ambacho viungo vingine hupachikwa juu yake, na ambacho ndicho hutiwa namba ya utambulisho, kiunzi kilichokaribia kukamilika kihesabiwe kiunzi. Kitelezi: sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele. Ganda la mpini: sehemu ya kushikia, pale inapokuwa imetengana na kiunzi. Kiunzi mbadala: kiunzi kilichotengenezwa na asiyekuwa mtengenezaji wa bastola inayowekewa. Na katika taarifa za polisi tofauti ishikwe baina ya maneno matatu: namba iliyofutwa, namba isiyopatana na leseni, na kiunzi kisicho na namba.

Kuhusu bunduki ndefu, ambako Kiingereza hutumia "receiver" na Kifaransa hutumia jina jingine kabisa, tunaona kiunzi chaweza kutumika vilevile, kwa kutaja "kiunzi cha bunduki". Mafundi wa magobore waulizwe kwanza. Inawezekana wanalo neno lao ambalo halijapata kuandikwa, na likipatikana, lipewe nafasi mbele ya la kwetu.